Nimepiga Picha au Nimepigwa Picha? Nyuso za Ngagara katika Nyeusi na Nyeupe

Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachotumiwa na watu wawili wanaotazamana kupitia lenzi. Mwenye kamera husema, "Nimepiga picha." Aliyesimama mbele yake, akirudi nyumbani na bahasha mkononi, naye husema, "Leo nimepiga picha." Kwa kawaida hatusemi kwamba maharusi walikwenda studio kupigwa picha. Tunasema walikwenda kupiga picha. Wazanzibari waliovaa vizuri wakaingia Capital Art Studio, studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, walikwenda kupiga picha, ingawa aliyebonyeza kamera alikuwa Oza. Kauli ya kutendwa tunaiweka kwa hali nyingine: mshukiwa aliyepigwa picha kituo cha polisi, msafiri aliyepigwa picha akiwa amelala ndani ya basi, maiti aliyepigwa picha barabarani.

Katika insha hii ninaitumia tofauti hiyo ya kisarufi kuhakiki aina moja ya sanaa ambayo vijana wengi wa Bujumbura wameipenda: picha za watu zinazopigwa mtaani na kutolewa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Hoja yangu ni kwamba picha ya namna hii hufaulu pale ambapo aliyemo ndani yake anaweza kusema "nimepiga picha". Pale anapoweza kusema tu "nimepigwa picha", uzuri wa vivuli na mistari hautoshi kuiokoa. Tena, picha isiyo na rangi inadai uhusiano huu kuliko picha ya rangi, kwa sababu inamnyang'anya mtu na mahali pake vitu vingi ambavyo lazima virudishwe kwa njia nyingine.

Ninaishi Ngagara, kaskazini mwa Bujumbura. Wazee bado wanakuita OCAF, kwa kifupi cha Office des Cités Africaines, ofisi ya Wabelgiji iliyojenga nyumba huku katika miaka ya 1950. Mitaa yetu inaitwa kwa namba: Kartiye 2, Kartiye 5, na kuendelea. Nyumba za zamani zimepangwa kwa safu, na jua la alasiri likizipiga hutoa mistari iliyonyooka na vivuli vikali ambavyo mwenye kamera hawezi kuvipita bila kusimama. Kisha lipo soko la Ngagara, ambalo sote tunaliita COTEBU kwa sababu ya kiwanda cha nguo kilicho jirani. Soko kuu la mjini lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, wafanyabiashara wengi walihamia huku, na msongamano wa watu ukaongezeka. Kwa mtu anayetafuta nyuso, ni mahali pa kushinda mchana kutwa.

Wenzangu kadhaa wa chuoni hushinda hapo na simu zao. Wakishapiga, huondoa rangi kwa kugusa kioo mara moja. Nikiwauliza sababu, majibu ni mawili: ama picha inakuwa ya kisanii zaidi, ama inaonyesha hisia zaidi. Siwezi kusema hakuna ukweli katika majibu hayo. Rangi ikiondoka, jicho huacha kuhangaika na ndoo ya plastiki ya buluu na tangazo la kampuni ya simu ukutani; hubaki na mikunjo ya paji la uso, mishipa ya mkono, mshono wa kitambaa. Lakini swali la mhakiki haliishii kwenye kilichoongezeka. Ni lazima aulize pia kilichopotea, na nani anakidai.

Siku moja mwenzangu alimwonyesha mama muuza nyanya picha aliyompiga siku iliyotangulia. Mama yule aliishika simu, akaisogeza karibu na macho, akasema, "Mwanangu, mbona umeniozesha nyanya?" Tulicheka, naye akacheka. Hata hivyo, ninaihesabu kauli yake kuwa uhakiki bora kuliko niliousoma mahali pengi. Picha ikiondolewa rangi, nyekundu ya nyanya iliyoiva na kijani cha nyanya mbichi vinaweza kuwa kijivu kilekile. Kazi ya mama huyu ya kila alfajiri ni kutenganisha hizo mbili: za kuliwa leo, za kungoja kesho kutwa, za kuuzwa kwa bei ya chini kabla hazijaharibika. Ujuzi wake wote umo katika rangi. Mpigapicha alibakiza uso wenye hisia, akafuta kile ambacho mwenye uso alikuwa anakijua. Mtu ambaye hajawahi kufika COTEBU angeitazama picha ile akamwona mwanamke mwenye huzuni mbele ya rundo la vitu vyeusi. Mimi niliyesimama pale nilimwona mfanyabiashara aliyekuwa anahesabu.

Kuna jambo la kiufundi hapa linalofundisha adabu, na watu huliruka. Bujumbura iko kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo adhuhuri jua linasimama karibu utosini. Macho huzama katika kivuli cha paji la uso. Mtu akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera ya simu, ambayo hupima mwanga wa fremu nzima, huudhania ukuta kuwa ndio jambo kuu na kupunguza mwanga. Uso mweusi unazama gizani. Katika picha ya rangi bado joto la ngozi husaidia kidogo. Katika nyeusi na nyeupe uso huo hugeuka doa. Dawa yake inajulikana: mwondoe mtu juani, umweke penye kivuli cha mwembe au chini ya ukingo wa paa, umgeuze kidogo kuelekea mwanga, upime mwanga wa uso wake na si wa ukuta. Lakini huwezi kumwambia mtu mzima "sogea kivulini" kabla hujamwamkia. Lazima umpe "Amahoro", umuulize habari za nyumbani, umweleze unataka nini, ungoje amalize kumhudumia mteja. Kwa ngozi zetu na kwa jua letu, picha nzuri isiyo na rangi huanza na mazungumzo. Anayeiba picha kwa mbali hujipatia kivuli tu, kisha hukipa kivuli hicho jina la fumbo.

Historia ya eneo letu inaonyesha wazi matokeo ya kuyakwepa mazungumzo hayo. Casimir Zagourski, Mpolandi aliyefungua studio Léopoldville katika miaka ya 1920, alizunguka Kongo na nchi jirani, Rwanda ikiwemo, akatoa mamia ya picha za nyeusi na nyeupe zilizouzwa kama kadi za posta katika mkusanyiko ulioitwa "L'Afrique qui disparaît", yaani Afrika inayotoweka. Kwa jicho la fundi, picha hizi ni nzuri sana. Mwanga umepimwa kwa uangalifu, ngozi inang'aa, nywele na mapambo vinaonekana kwa undani. Nimeziangalia mara nyingi kwa hamu na kwa uchungu. Maandishi yake kwa kawaida hutaja eneo au kabila. Jina la mtu halimo. Watu wale wamewekwa kuwa vielelezo vya kundi, na hata jina la mkusanyiko linawatangaza kuwa wanaondoka. Ukosefu wa rangi unalisaidia tangazo hilo, kwa sababu unamfanya mtu aliyekuwa hai, mwenye shamba na madeni na watoto, aonekane tayari kuwa wa zamani. Wale walipigwa picha, katika kauli ya kutendwa kabisa.

Linganisha na Seydou Keïta wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948. Naye alipiga kwa nyeusi na nyeupe, naye alitumia mwanga wa jua, uani kwake, mara nyingi risasi moja tu kwa kila picha kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Lakini wateja wake walikuja kwa miguu yao na kwa fedha zao. Walichagua pozi kutoka kwenye picha za mfano zilizotundikwa, waliazima saa, redio, kalamu au suti za studio, wakaamua wanataka kuonekana vipi. Nyuma yao kilitundikwa kitambaa. Cha kwanza kilikuwa shuka lake mwenyewe la kitandani, na kwa kuwa alibadilisha vitambaa kila baada ya miaka michache, baadaye aliweza kuvitumia kukisia picha ilipigwa lini. Hapa ukosefu wa rangi haumpunguzii mtu chochote. Maua ya gauni na maua ya kitambaa yanakutana, na katikati yake uso unajitokeza kwa utulivu wa mtu aliyejipanga. Hawa walipiga picha.

Hata hivyo, kisa cha Keïta kina onyo ndani yake. Mwaka 1991 picha zake zilionyeshwa New York katika maonyesho yaliyoitwa "Africa Explores" bila jina lake. Aliandikwa kuwa mpigapicha asiyejulikana, ilhali alikuwa hai Bamako. Baadaye alitambuliwa, na mwaka 1994 kazi zake zikaonyeshwa Paris. Picha ambazo wateja walizichukua zikiwa ndogo, za kuweka ndani ya fremu sebuleni, sasa zilitundikwa kwenye kuta za maonyesho zikiwa kubwa sana. Jina la mpigapicha lilipatikana. Majina ya wengi waliokaa mbele yake bado hayamo kwenye maelezo. Kwa hiyo kauli ya kutenda inaweza kugeuzwa kuwa ya kutendwa hata baada ya picha kupigwa, na hufanywa na yule anayeihamisha kutoka sebuleni kwenda ukumbini.

Msomaji anaweza kusema kwamba studio si mtaa. Ni kweli, na ndiyo sababu mfano unaonifaa zaidi ni wa karibu na unatoka nje ya studio. Martina Bacigalupo, mpigapicha Mtaliano aliyeishi Burundi kwa miaka kadhaa kuanzia 2007, alikwenda kaskazini mwa Uganda akafanya kazi ya nyeusi na nyeupe inayoitwa kwa jina la mwanamke mmoja, Filda Adoch, aliyepoteza mguu kwa bomu lililotegwa ardhini wakati wa vita. Mhusika ametajwa kwenye kichwa chenyewe cha kazi, na katika kichwa hicho anajitambulisha kwa nafsi ya kwanza. Zaidi ya hapo, Filda alizitazama picha na kuzisemea, na maneno yake yakaandamana nazo. Athari yake ni kubwa. Mtazamaji anaingia na huruma aliyokwisha kuiandaa, kwa sababu nyeusi na nyeupe, Uganda ya kaskazini na mguu uliokatika vimemwandaa hivyo. Kisha anasoma mwenye maisha akieleza siku yake, na huruma inalazimika kumpisha mtu. Vile ambavyo rangi ingevisema, na vile ambavyo rangi isingeweza kuvisema kamwe, vimerudishwa kwa sauti yake.

Bacigalupo huyohuyo alikusanya, mjini Gulu, mabaki ya studio moja ya zamani iitwayo Gulu Real Art Studio. Kitabu chake kilitoka mwaka 2013. Ni picha za watu waliokaa kwenye kiti, mikono mapajani, na mahali pa uso pana shimo la mstatili. Studio ilikuwa ikipiga picha ya kawaida kisha ikiukata uso kwa ajili ya kitambulisho. Uso ulikwenda ofisini. Mwili, koti la kuazima na mikono iliyotulia vilibaki kwenye takataka. Picha hizi zina rangi, lakini ninazitaja kwa sababu zinaonyesha kinyume cha tatizo letu la mtaani. Vijana wetu hukata kila kitu wakabakiza uso wenye hisia. Mabaki ya Gulu yanaonyesha ni mambo mangapi kuhusu mtu yamo nje ya uso: namna anavyokalia kiti, viatu alivyovisafisha, koti linalompwaya mabegani. Nyumbani kwetu tuna picha moja tu ya ujana wa bibi yangu, ndogo, ya nyeusi na nyeupe, ya kitambulisho. Bibi akiishika hauzungumzii uso wake. Anasimulia kitenge alichoazima kwa jirani siku "aliyopiga picha", kitenge ambacho karibu chote kimeishia nje ya fremu.

Yote haya yangekuwa mjadala wa ladha kama Ngagara pangekuwa mahali popote tu. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi mwaka 2015, na Ngagara ilikuwa miongoni mwa mitaa ya Bujumbura iliyoona maandamano, vizuizi barabarani na milio ya risasi. Tarehe 13 Oktoba mwaka ule mpigapicha wa televisheni ya taifa aliuawa hapahapa Ngagara pamoja na watu wa familia yake. Tangu wakati ule kamera mtaani kwetu si chombo cha kuchezea. Watu wazima walijifunza kwamba uso ulioonekana kwenye picha unaweza kuulizwa maswali baadaye. Wengine hadi leo wakiona simu imenyanyuliwa hugeuka, huvuta kitambaa, huingia ndani. Mwenzangu mmoja aliipiga ishara hiyo ya kugeuka, akaitoa kwa nyeusi na nyeupe, na wengi wakaisifu kwa fumbo lake. Kwangu mimi haina fumbo lolote. Mtu yule alisema "hapana" kwa mwili wake wote, na picha ikalipamba "hapana" lake likawa mapambo.

Zaidi ya hayo, nyeusi na nyeupe huzaa shaka nyingine kwa mahali kama petu. Picha nyingi za Ngagara zilizosambaa duniani ni za mwaka ule, na zimejaa moshi na askari. Ukipiga leo picha ya kijana anayekarabati pikipiki, ukaondoa rangi na kuongeza giza, mtazamaji wa mbali ataisoma kwa kamusi ya 2015. Ataona mtaa wa maombolezo. Hataona kwamba kijana alikuwa akibishana na wenzake kuhusu mpira, wala kwamba ukuta nyuma yake ulikuwa umepakwa rangi mpya wiki ile. Mpigapicha hakusema uongo kwa maneno, lakini aliacha mahali paseme kitu ambacho hapakuwa panakisema siku hiyo. Ndiyo maana nasisitiza kwamba picha isiyo na rangi ina deni kubwa zaidi kwa mahali. Inaweza kulilipa kwa kupanua fremu, ili namba ya kartiye kwenye ukuta, mtaro wa maji na vifaa vya kazi viingie. Inaweza kulilipa kwa maelezo mafupi yenye tarehe, mtaa, na jina endapo mwenyewe ameridhia.

Lipo pingamizi zito ambalo sitaki kulipita. Wapenzi wa picha za mtaani watasema kwamba ukimwomba mtu ruhusa unaua ukweli: anakauka, anapanga tabasamu, anavuta shati. Henri Cartier-Bresson, Mfaransa ambaye jina lake hutajwa kila sanaa hii inapojadiliwa, alikiita kitabu chake cha mwaka 1952 "Images à la sauvette". Sisi tuliosoma Kifaransa tunajua maneno hayo ya mwisho husemwa kwa mchuuzi asiye na kibali, anayeuza harakaharaka huku jicho likiangalia polisi. Ni jina zuri na lina ukweli ndani yake: mpigapicha anajiona mchuuzi, mwepesi, anayeweza kukimbia. Lakini pale COTEBU mchuuzi wa kweli yupo mbele ya lenzi, na anayeweza kukimbia ni mwenye simu.

Ninakubali mambo mawili. Kwanza, ziko picha ambazo haziwezi kuomba ruhusa, nazo ni za ushahidi: dhuluma inapotendeka, mwenye kamera anayesubiri kibali cha mtendaji hatapata kitu. Hizo zina sheria zake, na waliozipiga wamelipa gharama. Pili, ni kweli kwamba mtu akiombwa hukauka kwanza. Lakini hukauka kwa dakika chache tu. Anayebaki, akaongea, akanunua nyanya, akarudi kesho, huona pozi likilegea. Hata pozi lenyewe si uongo. Mama anayevuta kitenge chake kabla ya kupiga picha anatuambia jambo la kweli kuhusu namna anavyotaka kukumbukwa, na hilo ni jambo ambalo lenzi ya mbali haiwezi kulipata kwa bahati.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunazo kauli zaidi ya mbili. Kati ya kutenda na kutendwa ipo ya kutendeana, na vijana wa Ngagara huitumia bila kufundishwa: "Njoo tupigiane picha." Mmoja anashika simu, mwingine anasimama ukutani, kisha wanabadilishana, kisha wanainamia kioo pamoja na kubishana ipi ifutwe. Hiyo haki ya kufuta ndiyo ninayoitafuta ninapotazama picha ya mtu wa mtaani kwetu. Nikiona picha ya nyeusi na nyeupe iliyopigwa Ngagara, swali langu la kwanza si kama vivuli vimekaa vizuri. Ninauliza kama aliyemo ameiona, kama alipewa nafasi ya kuikataa, na kama amepata nakala yake, hata ndogo ya karatasi, ya kuweka nyumbani. Jibu likiwa ndiyo, nitavijadili vivuli kwa furaha mpaka usiku.